Tuacheni Tubishane!

Mtaani kwetu yupo mwalimu mmoja mstaafu ambaye namheshimu sana. Kila Jumamosi jioni hupita mbele ya maskani yetu akienda dukani. Husimama, hutuangalia mmoja mmoja kama anayeita majina ya mahudhurio, kisha hutoa hukumu ileile: "Nyie watoto, badala ya kusoma mnakaa kubishana. Ubishi haujazi tumbo." Sisi tunasema, "Shikamoo mwalimu." Naye anaitikia marahaba ya shingo upande na kuondoka.

Leo nataka nimjibu. Pale barabarani sikumjibu kwa sababu kwetu mkubwa hajibiwi mbele za watu. Lakini kwenye karatasi namwomba radhi, halafu namwambia wazi: mwalimu wangu, umekosea. Ule ubishi ndiyo kusoma kwenyewe.

Ninachodai ni hiki. Kijana wa miaka 15 hawezi kujifunza kuipima habari kwa kujifungia peke yake na simu au gazeti. Hawezi pia kujifunza kwa kuhubiriwa. Anajifunza mbele ya wenzake, pale anapotakiwa aeleze habari kaitoa wapi na wenzake wana ruhusa ya kumkatalia. Asiyepitia hapo atabaki kuwa mtu wa kubebwa. Leo atabebwa na tangazo la kamari, kesho na mwanasiasa, keshokutwa na umati wenye mawe mkononi. Hilo la mawe silisemi kwa kupamba maneno. Nitalifikia.

Kwanza mjue anayesema. Mimi nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu tuyaache. Nina umri wa miaka 24, na nina riwaya moja iliyojaza madaftari matatu ambayo haijapata mchapaji. Maskani yetu ipo Tandika, chini ya mkungu, ubavuni mwa fundi baiskeli. Siku ikiwa nzuri tunafika 12, wengi wao wa miaka 14 hadi 19, wavulana na wasichana. Mkubwa ni mimi. Tunachanga kununua gazeti moja, simu mbili tatu zina bando, na tunabishana mpaka adhana ya magharibi.

Sasa tuanze na shule, maana huko ndiko mwalimu wetu anakotaka turudi.

Shuleni nimekaa miaka 11. Kila mwaka nilifanya ufahamu: soma kifungu cha habari, kisha jibu maswali yanayofuata. Kichwa kinachofaa ni kipi? Mwandishi ametoa ushauri gani? Kisha ukaja ufupisho: yaseme haya kwa maneno machache. Nilikuwa hodari wa ufupisho. Lakini jamani, miaka yote hiyo sikumbuki hata siku moja kuulizwa: je, mwandishi huyu anasema kweli? Kajuaje? Nani hakuulizwa? Kifungu kilikuwa kama msahafu. Kazi yetu ilikuwa kukielewa na kukifupisha, siyo kukitilia shaka. Halafu tunashangaa kijana aliyehitimu akipokea uongo kwenye simu, anauelewa vizuri, anaufupisha na kuusambaza!

Mtasema palikuwa na midahalo. Ilikuwepo, kwa Kiingereza. Mwalimu alitugawa: ninyi mnaunga mkono, ninyi mnapinga. Hakuna aliyeulizwa anaamini nini. Aliyeshinda ni yule ambaye Kiingereza chake hakikukatika njiani. Mdahalo ule ulitufundisha kutetea tulichopangiwa, na anayetetea alichopangiwa hana sababu ya kukichunguza.

Sasa lile la mawe.

Mwaka 2022 ulitujia ujumbe wa sauti kwenye simu. Mama analia, anasema kuna gari aina ya Noah, nyeupe, inabeba watoto wanaotoka shule. Anaapa kwa Mungu. Anasema, "Jamani tulindeni watoto wetu." Mie niliusikiliza peke yangu kitandani, mara tatu. Mwili ukanisisimka. Nikautuma kwa watu wote niliokuwa na namba zao.

Siku ya tatu Noah nyeupe ikasimama karibu na kinyozi. Ndani mtoto mdogo analia kwa sauti kubwa, na kwenye usukani yuko mwanamume ambaye hakuna anayemjua. Nani alianza kupiga kelele sijui. Nani alifuata najua: mimi. Yule mtu alivutwa nje akiwa anajaribu kusema kitu, na hakuna aliyetaka kukisikia. Nilirusha jiwe moja. Kama lilimpata au halikumpata, hadi leo sijui, na kutojua huko hakunisaidii usingizi.

Mjumbe alifika akikimbia. Nyuma yake akatokea mama wa mtoto kutoka duka la dawa, chupa mkononi. Mtoto alikuwa anaumwa sikio. Yule bwana alikuwa baba yake. Walikuwa wamehamia mtaa wa pili wiki hiyohiyo.

Jicho lake la kulia halikupona. Bado anaishi palepale. Asubuhi namsalimia, naye ananiitikia vizuri kabisa, kwa sababu hajui.

Wiki ile maskani ilipooza. Watu wanakuja, wanakaa, hakuna anayeongea. Mpaka binti mmoja wa miaka 15, anayemuuzia mama yake maandazi, akauliza: "Ile sauti, wewe ulitumiwa na nani?" Mmoja akataja jina. Akaulizwa yule wa pili, naye akataja jina. Tukafuatilia tukiwa pale benchini, jina kwa jina, mpaka tukafika kwa mtu ambaye naye alitumiwa na mtu asiyemjua. Ndipo tukaiweka simu katikati ya benchi na kuisikiliza sauti ile tena, watu wanane kwa pamoja.

Ndugu msomaji, ilikuwa kama sauti nyingine. Yule mama hataji mtaa. Hataji siku. Hataji shule wala jina la mtoto hata mmoja aliyepotea. Mshikaji wetu mmoja akasema binamu yake wa Mwanza alishamtumia sauti hiyo miezi mingi nyuma, ikisemwa kuwa mambo yametokea Mwanza. Tukaitafuta kwenye simu yake. Sauti ileile, kilio kilekile, hata jogoo anayewika nyuma yake ni yuleyule.

Kila mmoja wetu alikuwa ameisikiliza peke yake na kusikia hofu. Tulipoisikiliza pamoja na kuulizana, tukasikia mapengo. Masikio hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu. Laiti tungeyafanya yale siku tatu kabla! Hilo ndilo linalonifanya niandike leo, na hilo ndilo mwalimu anaita kupoteza muda.

Najua swali lililo mdomoni mwako. "We kijana, si hata waliorusha mawe walikuwa kundi? Mbona kundi halikuwasaidia?"

Swali zuri, na silikwepi. Tuvuke mpaka twende Rwanda. Julai 1993 ilianza kurusha matangazo redio iliyoitwa RTLM. Haikuwa redio ya kuchosha. Ilipiga muziki uliopendwa, watangazaji wake walitania na kuongea lugha ya mtaani, na vijana waliipenda. Redio hiyohiyo ikawaita Watutsi mende, na mwaka 1994, katika siku kama 100 za mauaji ya kimbari yaliyoua watu zaidi ya laki nane, ikachochea wauaji na kutaja watu wa kusakwa. Vijana waliokaa kwenye vizuizi vya barabarani walikuwa na redio pembeni. Walisikiliza pamoja, tena kwa makundi! Wakuu wa redio hiyo walihukumiwa hapa kwetu Arusha, na Mahakama ya Kimataifa iliyoshughulikia mauaji ya Rwanda, Desemba 2003. Kosa la maneno likapimwa pamoja na kosa la panga.

Kwa hiyo sidai kwamba kukaa pamoja kunatosha. Kusikiliza pamoja siyo kujadiliana. Umati una sauti moja, na ukiuliza "nani kamwona?" unaonekana msaliti. Baraza lina sauti nyingi, na kuuliza ni kazi yako. Siku ile kwa kinyozi tulikuwa umati. Wiki iliyofuata, chini ya mkungu, tulikuwa baraza. Watu walikuwa walewale.

Na baraza la namna hii siyo jambo geni kwetu. Waulizeni babu na bibi zenu kuhusu mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa kwa vikundi wakisikiliza kipindi redioni, huku kila kikundi kikiwa na kiongozi na kitabu. Kipindi kikiisha redio inazimwa, wanajadili: malaria hapa kwetu inatoka wapi? Vyoo vyetu vikoje? Kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ni kweli kampeni ile ilitoka juu, na hakuna aliyealikwa kuipinga redio yenyewe. Lakini waliojenga utaratibu ule walijua jambo moja tulilolisahau: redio ikizimwa ndipo kazi inaanza. Sisi siku hizi hatuzimi. Habari inafuata habari, kidole kinasukuma kioo, hakuna nafasi ya mtu kusema "ngoja kwanza."

Maskani yetu baada ya mkasa ule ilijiwekea sheria nne. Tumeziandika nyuma ya kalenda ya zamani na kuibandika kwenye kibanda cha fundi.

Ya kwanza: habari iwekwe mezani. Hakuna cha "nimesikia". Leta gazeti, au cheza sauti wote tuisikie.

Ya pili: mdogo aanze kusema. Mkubwa akianza, wadogo watamfuata kwa adabu, na adabu ni nzuri kwenye salamu ila inaua swali.

Ya tatu: anayeipenda habari ndiye aikague. Sheria hii ilizaliwa na Simba na Yanga. Hebu angalia mtu wa Yanga anavyosoma habari inayoisifu Simba. Anauliza nani kaandika, anauliza picha ni ya lini, anauliza mbona mwamuzi hakutajwa. Profesa! Mpe habari inayoisifu Yanga, uprofesa wote unayeyuka, anameza bila kutafuna. Basi pale kwetu habari ya kuisifu Yanga inakaguliwa na mtu wa Yanga mwenyewe, na ya Simba vivyo hivyo. Inauma, ndiyo maana inafundisha. Tukitoka kwenye mpira tunafanya hivyohivyo kwa habari za chama, za dini na za msanii unayempenda. Uongo unaoweza kukuangusha hautoki kwa adui yako. Wa adui tayari unaushtukia.

Ya nne: aliyebadili mawazo hachekwi. Ukimcheka leo, kesho atatetea uongo hadi kaburini ili asiaibike.

Hebu niwaonyeshe zinavyofanya kazi. Dogo mmoja wa miaka 16 alikuja na picha ya tangazo la kubeti. Kijana kama yeye, meno yote nje, kashika hundi kubwa kama mlango. Dogo anaipenda habari ile, kwa hiyo akaambiwa aikague. Akaanza kwa uvivu. "Kuna mtu kashinda." Mangapi? "Mamilioni." Wangapi wameshinda? "Mmoja." Waliochanika mikeka wiki hiyo wako wapi kwenye picha? Akanyamaza. Kisha akasema mwenyewe, "Wangewapiga picha wote wasingeenea." Hakuna aliyemhubiria. Jibu lilitoka kinywani mwake, na mtu halisahau upesi jibu alilolitoa mwenyewe.

Na wala msidhani mimi ndiye mwalimu wao. Niliona tangazo siku moja: waandishi chipukizi, tumeni miswada yenu pamoja na shilingi 30,000 za uhariri, kitabu kitatoka ndani ya miezi mitatu. Nililisoma peke yangu zaidi ya mara kumi. Mimi, mtunzi, msomaji wa vitabu! Nikatuma pesa. Nilipopeleka tangazo lile maskani sikwenda kuuliza, nilikwenda kutamba. Yule binti wa maandazi akalisoma, akalirudisha kwangu, akasema: "Kaka, sasa hapa wewe ni mwandishi au mteja?"

Nilinuna siku mbili. Kitabu hadi leo hakijatoka, na simu ya wale jamaa haipokelewi.

Mnaona? Nilikuwa na elimu kuliko yeye, na umri kuliko yeye. Nilichokosa ni mtu asiyeitamani ndoto yangu. Kila mmoja wetu ana mahali ambapo macho yake hayafiki kwa sababu moyo umesimama mlangoni. Pale ndipo unahitaji jicho la mwenzako.

Wakubwa wetu wamegundua kwamba vijana wanadanganywa, na dawa waliyoiona ni semina. Mwaka jana nilialikwa kwenye moja. Tukapewa karatasi yenye dalili kumi za habari ya uongo. Mtoa mada alizisoma zote kumi, nasi tukaziandika, ingawa zilikuwa zimeshaandikwa. Mwishoni akauliza, "Kuna maswali?" Hakuna aliyeinua mkono, maana soda zilishaanza kuonekana mlangoni. Jioni ileile mshiriki mwenzetu, karatasi yake ikiwa bado haijapata mkunjo, akatutumia ujumbe kwamba kampuni moja ya simu inagawa vocha za bure ukiusambaza kwa watu 20.

Silaumu karatasi. Dalili zilikuwa za kweli. Lakini mtu hajifunzi kuogelea kwa kufupisha kitabu cha kuogelea. Kuuliza ni zoea la mwili, kama kupiga danadana. Unapiga ukiwa na wenzako, unakosea wanakuona, unarudia.

Basi nadai nini? Walimu mlioko kazini, tupeni kipindi kimoja kwa wiki, wanafunzi waje na habari waliyoiamini, kwa Kiswahili, waikague wao wenyewe, na ninyi mseme mwisho. Wazazi, kabla hamjamfukuza mtoto maskani, sogeeni msikilize wanabishania nini. Zipo maskani za bangi na za wizi, sibishi. Lakini mkizifunga zote, mtoto atabaki na simu chumbani, na huko hakuna wa kumuuliza "nani kasema?"

Na ninyi wenzangu mnaosoma kurasa hizi kwa sababu nanyi mna madaftari chini ya godoro, sikilizeni. Sisi tunataka kuwa watu wa kutunga. Asiyejua kuuliza nani anasimulia na kwa faida ya nani atatunga vitabu vya kubeba watu, na vitabu vya namna hiyo tunavyo vya kutosha. Watu sita wanatosha kuanza. Mti upo, benchi mtapata. Na gazeti la kwanza kuliweka mezani liwe hili hili, ukurasa huu huu. Muulize huyu anayejiita mwandishi kajuaje, anapata nini, na nani hakumuuliza. Nitawasaidia kidogo: mwalimu mstaafu sikumuuliza, na yule baba wa jicho moja bado sijamwambia.

La baba nitalimaliza kwa miguu yangu, siyo kwa makala. Kwa mwalimu nina neno moja. Benchi lina nafasi, mwalimu wangu, karibu Jumamosi. Ila sheria ya pili inakuhusu na wewe: mdogo anaanza.

Naomba kutoa hoja.